Kabla ya Ratiba, Hesabu: Barua ya Wazi kwa FKF kutoka Thika

Kwenu viongozi wa Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, wa makao makuu na wa Kaunti ya Kiambu. Nanyi wasimamizi wa vilabu vya Thika na Ruiru,



Nawaandikia juu ya mambo mawili yanayopitishwa mkutanoni kwa muda mfupi kisha yakawaelemea wachezaji msimu mzima: idadi ya timu katika ligi, na namna alama zinavyohesabiwa. Kwa miaka mingi mambo haya yamejadiliwa kama vita vya madaraka. Nani ana mamlaka, nani amwandikie nani barua, mahakama ipi isikize kesi. Sisi tunaokaa kwenye jukwaa la uwanja wa Thika tumekuwa tukiyapokea yakiwa yameshaamuliwa. Ila sisi ndio tunaoona matokeo yake: timu iliyokata tamaa mwezi wa Machi, basi la wageni lisilofika, kipindi cha pili ambacho hakuna anayekimbia kwa sababu hakuna tena cha kupigania.

Nianze na hesabu, maana haina upande. Ligi ya timu 16 zinazokutana nyumbani na ugenini ina mechi 240. Ya timu 18 ina mechi 306. Mmeongeza timu mbili, mkaongeza mechi 66. Kila klabu, hata ile ambayo haikuomba nyongeza yoyote, inapata safari 17 badala ya 15. Kwa klabu ya Thika safari si ile ya kushuka Thika Road hadi Kasarani. Mombasa iko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Kuna Awendo, kuna Muhoroni, kuna Kakamega, kuna Bungoma. Basi, mafuta, chakula, vitanda vya wachezaji. Anayesema timu mbili ni kitu kidogo hajawahi kulipia safari ya mechi ya Jumapili magharibi mwa nchi.

Mvutano wa 16 au 18 mnaujua kuliko mimi, lakini vijana wengi wanaocheza leo hawakuuona. Mwaka 2015 FKF na kampuni ya KPL, iliyokuwa ikiendesha ligi kuu, zilivutana hadi nchi ikawa na pande mbili, kila upande ukidai kuwa na ligi ya juu kabisa. KPL ilitaka timu 16, FKF ikataka 18. Vita vikatulia, vikarudi, na mwaka 2017 ligi ikaanza na timu 18. Nakumatt na Zoo ya Kericho zikaingizwa kupitia nyongeza hiyo. Sofapaka na Muhoroni Youth, ambazo zilikuwa zimenyimwa leseni za klabu, nazo zikarudi baada ya kupigania nafasi zao. Mwezi wa Aprili mwaka uleule SuperSport ikavunja mkataba wa kutangaza mechi, ikitaja nyongeza ya timu kuwa sababu.

Tazameni hapo. Idadi ya timu ilipanda na pesa za televisheni zikaondoka katika msimu mmoja. Mechi 306 zikabaki kuchezwa kwa mfuko uliopungua.

Nyongeza ile ilielezwa kuwa njia ya kuipa miji midogo nafasi. Thika ni mji mdogo ukiulinganisha na Nairobi, basi na tuulize ilitufaa nini. Thika United, vijana waliovaa jina la mji wetu kwa udhamini wa Brookside, kampuni ya maziwa yenye makao Ruiru, walikuwa ligi kuu kabla ya nyongeza. Waliteremshwa mwaka 2018, katika ligi ya timu 18. Sisemi idadi ya timu ndiyo iliyowashusha. Walishushwa na matokeo ya uwanjani. Nasema kwamba viti viwili vya ziada havikuwaokoa. Kilichohitajika ni ligi yenye watazamaji, yenye televisheni, na yenye safari ambazo mdhamini mmoja anaweza kuzibeba bila kuchoka. Ukuta wa jumba ukiwa dhaifu, kuongeza vyumba hakumfai mpangaji yeyote.

Mwaka 2019 ndipo hesabu ilipodai deni lake. Mwezi wa Agosti SportPesa, iliyokuwa mdhamini mkuu wa ligi, ikaondoka baada ya mgogoro wa leseni za kampuni za kamari. Msimu ukaanza bila jina la mdhamini. Kabla ya mwaka kwisha SoNy Sugar ya Awendo, klabu iliyowahi kuwa bingwa wa nchi mwaka 2006, ikashindwa kufika kwenye mechi tatu na kufukuzwa ligini. Matokeo yake yote yakafutwa.

Naomba msimame kidogo kwenye neno hilo, kufutwa, maana kanuni hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Chukueni timu mbili za katikati ya jedwali. Moja imesafiri hadi Awendo, imelala huko, imecheza dakika tisini kwenye jua na kushinda. Nyingine bado haijacheza na SoNy. Matokeo yanapofutwa, ya kwanza inapoteza alama tatu na nauli. Ya pili haijapoteza chochote. Aliyefanya kazi ndiye anayetozwa faini kwa kosa la mwingine. Na kanuni ya pointi za mezani nayo ina kasoro yake upande wa pili: timu ambayo wageni wake hawakufika inapewa alama tatu na mabao ambayo hakuna mguu ulioyafunga. Mabao hayo huingia kwenye tofauti ya mabao sawasawa na yaliyofungwa kwa jasho. Hili si jambo la kupuuzwa katika nchi ambayo taji la msimu wa 2021/22 liliamuliwa kwa tofauti ya mabao, Tusker na Kakamega Homeboyz zikiwa zimemaliza na alama sawa.

Majirani zetu Watanzania walipita njia hii na wakageuza. Ligi Kuu yao ilipanuliwa hadi timu 20 msimu wa 2018/19, mechi 380, na ukawa msimu ulioanza bila mdhamini mkuu baada ya Vodacom kuondoka. Vilabu vya mikoani vililia safari. Badala ya kung'ang'ania, walipunguza kwa utaratibu: 20, kisha 18 msimu wa 2020/21, kisha 16 msimu uliofuata. Hakuna klabu iliyoamka asubuhi ikaambiwa haimo. Kila moja ilijua mapema kwamba msimu ule watashuka wengi kuliko watakaopanda. Leo ligi ya Tanzania inatazamwa hata hapa Ruiru, kwenye vibanda vya Kimbo na Githurai, na watu wanabishana juu ya Simba na Yanga kana kwamba ni timu za Kiambu. Sababu ni nyingi, pesa ikiwamo. Lakini idadi ya timu inayolipika ni mojawapo.

Sasa naomba kuwapeleka mbali kidogo, kwenye mchezo ambao hapa kwetu haujulikani sana, kwa sababu ndio ulionifundisha kuona kwamba alama zinaunda mchezo. Ni mbio za pikipiki za uwanjani, spidwei. Waendeshaji wanne wanajipanga kwenye mstari. Pikipiki ni za cc 500, zinatumia methanoli, zina gia moja na hazina breki hata moja. Wanazunguka mara nne, daima wakikata kushoto, gurudumu la nyuma likiteleza juu ya udongo uliolegea, na kwa kama dakika moja kila kitu kimekwisha. Vijana wetu wa bodaboda wa Makongeni wangeuelewa mchezo huu kabla ya mzunguko wa pili kwisha.

Katika ligi ya spidwei, kati ya wale wanne wawili ni wa nyumbani na wawili ni wageni. Wa kwanza anapata alama 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu. Kila mbio ina alama sita za kugawana, na mechi nzima kwa kawaida ina mbio 15, yaani alama 90. Anayefika 46 ameshinda. Angalieni kinachotokea kwa sababu ya hesabu hiyo ndogo. Mwenyeji akishinda mbio lakini mwenzake akashika mkia, na wageni wakawa wa pili na wa tatu, mbio hiyo ni sare: 3 kwa 3. Kwa hiyo aliye wa tatu hapunguzi moto kwa kuwa wa kwanza keshatoroka. Alama yake moja inaweza kuwa ndiyo inayoamua mechi saa mbili baadaye. Na aliye mbele naye anageuza shingo kumtafuta mwenzake, amfungulie njia, amzibie adui. Kanuni imewafanya wakimbiaji kuwa timu.

Ligi yenye nguvu kuliko zote katika mchezo huo, Ekstraliga ya Poland, ina timu nane tu. Kila timu inacheza mechi 14 kabla ya mchujo. Nane, katika nchi ambayo miji kama Leszno na Toruń inajaza viwanja kwa ajili ya pikipiki! Wangeweza kuwa na timu nyingi zaidi. Miji inayotaka ipo. Wameona afadhali nane ambazo kila moja inaweza kulipa waendeshaji wake na kuvuta watu, na zilizobaki zipiganie nafasi kutoka chini. Kisha wana kitu kimoja ambacho nimekitamani tangu nilipokielewa. Ushindi wa mechi una alama 2. Lakini timu mbili zikishakutana mara zote mbili, nyumbani na ugenini, matokeo yanajumlishwa, na aliyeongoza kwa jumla anaongezewa alama moja. Ukipigwa ugenini kwa tofauti ya alama sita, hujamalizana na yule mpinzani. Unajua kabisa unachohitaji siku atakapokuja kwako. Na wewe unayeongoza kwa mbali huwezi kulala mbio tatu za mwisho, kwa kuwa kila alama unayoachia leo utadaiwa kwao.

Mchezo huohuo una onyo lake. Fainali ya kwanza ya ubingwa wa dunia ilifanyika Wembley, London, mwaka 1936. Mwaustralia Bluey Wilkinson alishinda mbio zake zote tano usiku ule, alama 15 kwa 15. Hakuna aliyemshinda. Lakini kanuni ilisema kila mmoja aje na alama za nyongeza kutoka raundi za awali, na Wilkinson alikuwa amekuja na chache. Jumla yake ikawa 25. Lionel Van Praag na Eric Langton wakafungana kwa 26, wakarudiana wawili, Van Praag akawa bingwa. Mtu ambaye hakupitwa na yeyote fainalini aliondoka akiwa wa tatu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2020, mashindano ya Grand Prix ya spidwei yalibadilisha hesabu yake: kabla ya hapo alama za kila mbio ya usiku zilikuwa zikijumlishwa kwenye ubingwa, hivyo mshindi wa fainali angeweza kuondoka na alama chache kuliko waliofika nyuma yake. Sasa ni nafasi ya mwisho inayohesabiwa: 20 kwa mshindi, 18 kwa wa pili, 16, 14, kushuka chini. Waendeshaji ni walewale na pikipiki ni zilezile, ila uamuzi wao mbele ya fainali umekuwa tofauti.

Mtaniuliza mpira na pikipiki vinahusiana wapi. Vinahusiana hapa: mchezaji anacheza kile ambacho kanuni inalipa. Soka yenyewe inalijua jambo hili. Uingereza iliacha alama mbili za ushindi na kuanza kutoa tatu mwaka 1981 kwa sababu watu walikuwa wamechoka na sare. Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994. Hakuna aliyesema kwamba kufanya hivyo ni kuharibu mpira.

Kwa hiyo naomba, tuanzie chini. Simwombi mtu yeyote ageuze ligi kuu kesho. Nawaomba ninyi wa Kaunti ya Kiambu mjaribu katika ligi zenu za kaunti ndogo za Thika na Ruiru, ambako hakuna televisheni ya kuvunja mkataba na ambako kosa linaweza kurekebishwa msimu unaofuata. Gawanyeni timu katika makundi ya nane. Mechi 14 kwa kila timu, ambazo hata klabu inayotegemea michango ya wazazi na mwenye duka inaweza kuzimaliza. Ligi ndefu ambayo nusu ya timu zinaiacha njiani ina thamani gani kwa mvulana wa miaka 18 anayetaka kuonekana? Viwanja vyenyewe havitoshi. Uwanja mmoja unagombewa na timu za wanaume, za wanawake, za watoto na mikutano ya hadhara. Kundi la nane linapumua.

Kisha ongezeni alama moja ya jumla. Ushindi ubaki na alama tatu, sare moja. Lakini timu mbili zikishamaliza mikondo yote miwili, aliye mbele kwa mabao ya jumla apate moja ya ziada. Wakilingana, asipate mtu. Timu ya Ruiru iliyofungwa 3–0 Thika ina kazi ya kufanya katika dakika ya themanini: bao moja tu la ugenini linaufanya mkondo wa pili kuwa mlima unaopandika. Na angalieni kitu kingine. Alama hii haijali umeongoza kwa bao moja au kwa kumi. Haimtii mtu tamaa ya kununua mabao. Nayasema haya nikijua nchi yetu ina kidonda. Mwaka 2021 Zoo iliondolewa ligi kuu kwa amri ya FIFA kwa sababu ya upangaji wa matokeo. Kanuni yoyote mpya lazima ipimwe kwa jicho la mtu anayetaka kuitumia vibaya. Kwa hiyo mechi za raundi mbili za mwisho zianze wakati mmoja, na mabao ya mezani yasihesabiwe kamwe katika tofauti ya mabao wala katika jumla ya mikondo miwili. Asiyefika apoteze alama, anayesubiri uwanjani apewe alama zake tatu na ile ya jumla, basi. Tukitofautisha timu zilizolingana, tutumie kwanza matokeo ya wenyewe kwa wenyewe.

Na kuhusu kufuta matokeo: katika chama chetu cha kuchanga, mwanachama akihama mwezi wa nane hakuna anayezifuta zamu zilizokwisha kulipwa. Timu ikifukuzwa baada ya kila mmoja kukutana nayo angalau mara moja, matokeo ya mkondo huo yabaki, na ya mkondo wa pili ndiyo yaondolewe kwa wote. Ikifukuzwa kabla ya hapo, futeni, lakini klabu zilizokwisha kusafiri zirudishiwe gharama kutoka katika dhamana ambayo kila timu inaweka mwanzoni mwa msimu.

Juu, kwenye ligi kuu, ombi langu ni la subira. Rudini hadi 16 ndani ya misimu miwili, kama walivyofanya Watanzania, kwa kutangaza mapema wangapi watashuka na wangapi watapanda. Najua pingamizi lake, na si dogo. Bidco United, inayobeba jina la kampuni ya hapa Thika, ilipanda mwaka 2020 pamoja na Nairobi City Stars, na kuna watu watakaoniambia ligi ikipungua mlango wa timu kama hiyo unafungwa. Mlango ni ile kanuni ya kupanda, si idadi ya viti. Timu mbili zikipanda moja kwa moja kila mwaka na ya tatu ikapewa mchujo, mji wowote wenye timu nzuri utaingia, na utakuta ligi ambayo mdhamini anaweza kuitazama bila kuogopa msimu utakatika.

Nisiwasahau wanawake. Thika Queens walitwaa ubingwa wa ligi kuu ya wanawake msimu wa 2020/21, katika mfumo uliogawa timu kwa kanda mbili kabla ya mchujo. Timu iliyokuwa na uwezo mdogo wa kusafiri ilibaki na nguvu za kucheza ilipofika siku za mwisho. Ninasikia mara nyingi kwamba mfumo wa kanda ni wa muda, wa dhiki. Mimi naona mlikuwa mmeugusa ukweli kwa bahati, na mnapaswa kuwauliza wachezaji na makocha wa timu ile kabla ya kuamua mfumo wa misimu ijayo. Wako hapa mjini, hawahitaji kutafutwa mbali.

Naomba uongozi wa FKF ulioingia Desemba 2024 usikize vilabu. Na usikizaji huo uwe na tarehe. Itisheni kikao Thika, waje makatibu wa timu za kaunti ndogo zote mbili, waje na daftari zao za gharama za msimu uliopita. Wekeni mezani rasimu ya kanuni: idadi ya timu, alama, dhamana, adhabu ya kutofika, utaratibu wa kufukuzwa. Ichapishwe kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye lango la uwanja, na isiguswe hadi mechi ya mwisho ichezwe. Ratiba itoke baada ya hapo.

Wenu katika soka,
Shabiki na mwandishi, Thika